Taa za chombo cha tanga usiku: mwongozo kamili wa kuchagua, kufunga na kupima

Vyombo vingi vinavyopita mikononi mwangu hapa Moshi vina taa, na taa zinawaka. Tatizo haliko kwenye kuwaka. Nyekundu inaonekana mpaka upande wa kulia, kijani inaonekana mpaka nyuma, nyeupe inawaka kileleni wakati chombo kinakwenda kwa tanga tupu, na aliye mbele yako gizani hawezi kujua unaelekea wapi. Taa hizi hazikuwekwa ili zikumulikie njia. Kazi yake ni kumwambia mwenzako umempa ubavu gani, na hilo linategemea zaidi mahali mwanga wa taa unapokatika, yaani unapoacha kuonekana, kuliko ukali wake.

Mwongozo huu ni wa mwenye mashua, ngalawa au boti ya tanga isiyofika mita 12, iwe inalala kwenye bwawa la Nyumba ya Mungu au unaivuta kwa trela kwenda Tanga na Pangani. Nafuata kanuni za kimataifa za kuzuia migongano baharini za mwaka 1972. Kanuni hizo zimewekwa kwa ajili ya bahari na maji yanayofikika na meli kutoka baharini, lakini hata bwawani usijibunie lugha yako. Kijana aliyezoea Lang'ata, kando ya bwawa hilo, akienda Tanga na mazoea mabaya, atakutana na meli isiyoyajua mazoea hayo. Leseni na ukaguzi wa vyombo vidogo viko chini ya TASAC, shirika la serikali linalosimamia usafiri wa majini, kwa hiyo kabla hujatoa fedha muulize mkaguzi chombo cha ukubwa wako kinadaiwa nini.

## Vifaa vya kuandaa

- Taa mbili za ubavu (nyekundu na kijani), taa moja nyeupe ya nyuma, na taa moja nyeupe ya mzunguko, yaani inayoonekana pande zote.
- Betri ya volti 12, ya aina isiyomwaga maji.
- Paneli ya sola ya wati 10 na kidhibiti chaji chake.
- Waya wa shaba wa nyuzi nyingi, milimita za mraba 1.5, rangi mbili. Ukipata uliopakwa bati, chukua huo.
- Fyuzi ya ampia 3 au 5 na kishikio chake, pamoja na za akiba.
- Swichi tatu zisizopitisha maji.
- Vishikizo vya waya vya kubana, mpira wa kusinyaa kwa moto, silikoni ya baharini.
- Skrubu za chuma kisichoshika kutu.
- Multimita, uzi mrefu, kamba ya mita 20, chaki, karatasi ya A4.
- Tochi kali ya mkononi yenye mwanga mweupe.

Vitu vya umeme utavipata maduka ya sola na ya vipuri vya magari mjini. Taa zenyewe ndizo za kutafuta kwa makini, na mara nyingi itabidi uziagize Dar es Salaam au Mombasa. Usikubali mbadala kwa sababu umechoka kuzunguka.

## Pembe za kushika kabla ya kugusa drili

Kaa ndani ya chombo ukitazama omo, yaani mbele. Nyekundu iko mkono wako wa kushoto, kijani mkono wako wa kulia. Kila moja inaangaza nyuzi 112.5, kuanzia mbele kabisa, kupita ubavuni, mpaka nyuzi 22.5 nyuma ya ubavu. Nyeupe ya tezi, yaani ya nyuma, inachukua nyuzi 135 zilizobaki. Zijumlishe utapata 360: kila aliye karibu nawe anaona taa mojawapo, na ile anayoiona inamweleza yuko upande gani wa chombo chako.

Wanaokosea rangi huwa wamesimama mchangani wakiutazama uso wa chombo. Ukiwa pale, nyekundu iko mkono wako wa *kulia*. Usifunge chochote ukiwa umesimama mbele. Panda ndani, keti penye usukani, ndipo useme kushoto na kulia.

## Hatua ya 1: Chagua mpangilio unaolingana na tanga lako

Kuna njia mbili kuu. Ya kwanza ni taa za ubavu mbili na ya tezi, kila moja mahali pake. Ya pili ni taa moja ya rangi tatu kwenye ncha ya mlingoti, nayo inaruhusiwa kwa chombo cha tanga kisichofika mita 20.

Ya rangi tatu inavutia kwa sababu ni taa moja, waya mmoja na umeme kidogo, tena iko juu na huonekana mbali. Kwa boti za faiba ambazo tanga linaishia chini ya ncha ya mlingoti, ni chaguo zuri baharini. Kwa ngalawa na mashua za foromali, yaani mti wa mshazari unaobeba tanga, siishauri kabisa. Foromali inapanda kupita ncha ya mlingoti na tanga linaning'inia upande mmoja, kwa hiyo upande huo wote unakuwa gizani. Na bwawani, mvuvi aliyeketi chini kwenye mtumbwi wake hatazami juu angani akitafuta chombo. Anatazama usawa wa maji.

Mwenye foromali aweke taa za ubavu pembeni kabisa mwa chombo, mbele ya mlingoti. Kwenye ngalawa, juu ya mrengu wa mbele (mti unaokwenda kwenye kielea cha pembeni) karibu na ubavu panafaa. Pandisha tanga chombo kikiwa nchi kavu, livute upande mmoja kisha mwingine, uone kama kitambaa kinafunika taa. Kikifunika, sogeza taa nje zaidi au ishushe.

Chombo cha tanga kisichofika mita 7 kinatakiwa kuwa na taa hizi ikiwezekana. Isipowezekana, kanuni inataka tochi au taa nyeupe iliyo tayari mkononi, ionyeshwe mapema kiasi cha kuzuia mgongano. Chombo cha makasia nacho ni hivyo hivyo. Ushauri wangu: funga taa hata kama una mita 5. Tochi inahitaji uwe umemwona mwenzako kwanza.

## Hatua ya 2: Nunua taa iliyotengenezwa kwa chombo cha tanga

Soma boksi. Kwa chombo kisichofika mita 12, taa ya ubavu ionekane angalau maili 1 ya bahari, ambayo ni mita 1,852. Ya tezi na ya mzunguko zionekane maili 2. Tafuta pia pembe zilizoandikwa: 112.5, 135, 360.

Jambo ambalo wauzaji wengi hawalitaji ni kuinama. Chombo cha tanga hulala upande upepo ukishika, na taa ya boti ya mashine, iliyotengenezwa kwa chombo kinachokaa wima, mwanga wake unaishia kumulika maji upande mmoja na nyota upande wa pili. Kanuni zinataka taa ya chombo cha tanga ibakize angalau nusu ya nguvu yake mpaka nyuzi 25 juu na chini ya usawa. Hakikisha boksi linasema inafaa vyombo vya tanga.

Hivi usinunue: taa za pembeni za malori, indiketa za bodaboda, ukanda wa LED wa rangi, na taa nyeupe ya kuzungushia tepu nyekundu. Hazina mahali pa kukatika. Taa za kumetameta za mapambo ni mbaya zaidi, kwa kuwa zinamfanya mtu adhani kuna dharura.

Ukiwa na taa ya zamani ya globu, usichomeke tu balbu ya LED nyeupe ndani yake. Kioo cha kijani cha taa zile kilipimwa kwa mwanga wa njano wa globu. Ukiweka LED nyeupe kinageuka kuwa na ubuluu, na nyekundu nayo inafifia. Pembe pia zinaharibika, kwa sababu LED haikai mahali palepale uzi wa globu ulipokuwa. Badilisha taa nzima.

## Hatua ya 3: Chora mstari wa kati

Funga uzi kutoka ncha ya gubeti, yaani ncha ya mbele kabisa ya chombo, mpaka katikati ya tezi, uvute ukaze. Huo ndio mstari wa kati, na kila taa inapimwa kwa huo, si kwa ubao wa ubavu.

Hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibika. Karibu na omo ubavu wa chombo unapinda kuelekea ndani. Ukiipigilia taa moja kwa moja kwenye ubao huo, inageukia mbele, na nyekundu inavuka kwenda kuonekana upande wa kulia. Aliye upande huo anaona rangi mbili na anadhani unamjia usoni, kumbe unampita mbali.

Dawa yake ni kabari. Chonga kipande cha mbao ngumu, kinene upande mmoja na chembamba upande mwingine, ukiweke kati ya ubavu na taa mpaka mgongo wa taa uwe sambamba na uzi wa katikati. Pima umbali kutoka ukingo wa mbele wa taa hadi kwenye uzi, kisha kutoka ukingo wa nyuma. Vipimo viwili vikilingana, umepata. Kama taa zako hazina ukuta wa nyuma, weka ubao mdogo upande wa ndani uliopakwa rangi nyeusi isiyong'aa. Ikiwa inang'aa, itarudisha mwanga mahali usipotakiwa.

## Hatua ya 4: Funga taa

Zifunge juu ya ukingo wa chombo ili wimbi lisizifunike, lakini zisimulike uso wako wala tanga. Taa ya tezi iwe nyuma iwezekanavyo, na iwekewe kizuizi upande wa mwenye usukani. Macho huchukua kama dakika 20 hadi 30 kuzoea giza, na nyeupe moja ikikupiga inabidi uanze upya.

Taa ya mzunguko iwe juu ya taa za ubavu kwa angalau mita 1, ili nyeupe na rangi zisichanganyike kwa anayetazama kutoka mbali.

Toboa kwanza kwa drili ndogo kuliko skrubu, jaza silikoni kwenye tundu, ndipo ukaze. Mbao iliyopasuka kuzunguka skrubu itapitisha maji msimu wa kwanza tu.

## Hatua ya 5: Pitisha waya

Anza na hesabu ya umeme, kwani hapa kwetu usiku unakaribia saa 12 kamili. Taa tatu za LED za wati 2 kila moja ni wati 6. Mara saa 12 ni wati-saa 72, yaani ampia-saa 6 kwenye volti 12. Betri ya risasi usiitumie zaidi ya nusu, kwa hiyo unahitaji ya ampia-saa 12 au zaidi. Ile ndogo ya pikipiki ya ampia-saa 7 haitakufikisha alfajiri. Paneli ya wati 10 ikipata jua zuri la saa 5 inarudisha wati-saa 40 hivi. Safari za usiku wa kuamkia usiku zinataka paneli kubwa zaidi.

Unene wa waya si jambo la kubania. Chukua mlingoti ambao waya wake wa kwenda na kurudi ni mita 24. Kwa taa ya globu ya wati 25, waya wa milimita 0.5 unapoteza karibu volti 1.7 njiani, na taa inakuwa ya machungwa iliyochoka. Waya wa milimita 1.5 unapoteza kama 0.6. LED inakula umeme kidogo, kwa hiyo hasara ni ndogo, lakini waya mwembamba hukatika ndani ya ngozi yake na hutauona.

Fuata utaratibu huu:

1. Weka fyuzi kwenye chanya, karibu na betri kadiri unavyoweza. Waya ulio kati ya betri na fyuzi hauna ulinzi. Ukigusana, moto unaanzia hapo.
2. Peleka waya mbili kwa kila taa. Usitumie mlingoti wa alumini kama njia ya kurudi, utaliwa na kutu ya umeme.
3. Maungio yote yabanwe kwa kishikizo, kisha yavishwe mpira wa kusinyaa. Kusokota na kufunga tepu ni kazi ya wiki chache. Chumvi inapanda ndani ya waya kama mafuta ndani ya utambi.
4. Kabla waya haujaingia kwenye taa au boksi la swichi, uache uning'inie kidogo chini ya tundu, ili maji yadondokee hapo badala ya kuingia.
5. Kama kuna dira, zisokote pamoja waya mbili zinazopita karibu nayo, zisiivute sindano.

Ungio la chini ya mlingoti ndilo linaloharibika mapema kuliko yote. Liweke mahali mkono unapofika.

Umefanikiwa ikiwa: taa zote zikiwaka, multimita inaonyesha kwenye taa ya mbali volti zisizopungua za betri kwa zaidi ya 0.3.

## Hatua ya 6: Panga swichi

Swichi tatu zinatosha: ya kwanza taa za ubavu, ya pili taa ya tezi, ya tatu taa ya mzunguko. Zibandikie alama zinazotambulika kwa kidole gizani.

- Tanga tupu: ubavu na tezi. Ya mzunguko imezimwa.
- Mashine inasukuma, hata kama tanga liko juu: ubavu na mzunguko. Chombo kisichofika mita 12 kinaruhusiwa mpangilio huu.
- Nanga: mzunguko peke yake.

Hapa pana hatari halisi. Chombo cha mashine kwa kawaida kinakipisha cha tanga. Ukiwasha nyeupe ya juu wakati unakwenda kwa tanga, umejitangaza kuwa una mashine, na mwenye mashine mwenzio atatarajia umpishe kwa wepesi ambao huna. Ukiizima wakati mashine inasukuma, unadai haki isiyo yako. Na mwenye taa ya rangi tatu kileleni asiiwashe pamoja na nyeupe ya mashine kwa hali yoyote; akiwasha mashine, ashuke kwenye taa za ubavu za chini.

Washa jua linapozama, usingoje giza. Huku kwetu machweo ni mafupi.

## Hatua ya 7: Pima nchi kavu

Tafuta uwanja mpana usio na taa za barabarani. Kiegemeze chombo kikae sawa, kisha pima taa moja moja, nyingine zikiwa zimezimwa.

Kata pembe yako ya kupimia: kona ya karatasi ya A4 ni nyuzi 90. Ikunje katikati, upate 45. Ikunje tena, upate 22.5. Shikilia kona kamili ikielekea mbele na ubavuni, ongeza ile ya 22.5 kuelekea nyuma, chora kwa chaki. Huo ndio mpaka wa taa ya ubavu.

Funga kamba ya mita 20 chini ya taa ya kushoto. Tembea mbele sambamba na mstari wa kati mpaka kamba ikaze. Hapo nyekundu iwe kali. Sasa vuka kuelekea upande wa kulia wa chombo: ukifika kama mita 1, iwe imezimika machoni pako. Mita hiyo moja ni sawa na nyuzi 3, na ndio mwisho unaoruhusiwa. Ukiendelea kuiona kwa hatua nyingine mbili tatu, rudi kwenye kabari.

Kisha zunguka kwa ubavu wa kushoto ukielekea nyuma. Nyekundu ibaki mpaka kwenye chaki yako, ikatike ndani ya mita 2 baada yake. Rudia kwa kijani, halafu tezi. Usipime taa mbili kwa kamba moja, kwa sababu chombo kina upana na hesabu itapotea.

Umbali upime siku nyingine. Bodaboda isome kilomita 1.9 kwenye eneo tambarare, mfano kusini kuelekea mashamba ya miwa ya TPC. Mwenzako abaki na taa kando ya njia, mbali na magari, nawe utazame kutoka mwisho. Rangi itambulike, si nukta tu.

## Hatua ya 8: Pima majini

Nendeni vyombo viwili, mkiwa na jaketi okozi na simu. Mwenzako akae mita 200 hivi bila kujua unaelekea wapi. Wewe geuza chombo unavyotaka, bisha (nenda kinyume na upepo), kaa, kisha umpigie. Aseme anaona nini na anadhani unakwenda upande gani.

Weka watu wawili upande mmoja chombo kilale, aseme tena. Pandisha tanga, aseme tena. Akikosea hata mara moja, usitafute lawama kwake. Kuna taa iliyofunikwa au iliyopinda.

Umefanikiwa ikiwa: anataja mwelekeo wako sahihi kila mara kwa kuona taa peke yake.

## Ukikutana na taa ya mwenzako

Nyekundu na kijani kwa pamoja: anakujia usoni. Nyekundu peke yake: unaona ubavu wake wa kushoto, anapita kutoka kulia kwako kwenda kushoto. Kijani peke yake ni kinyume chake. Nyeupe peke yake inaweza kuwa tezi, nanga, au mtumbwi wenye tochi, kwa hiyo punguza mwendo na ukae mbali. Nyekundu juu ya nyeupe ni mvuvi mwenye nyavu majini. Nyavu zake zinaweza kufika mbali kuliko taa inavyokuonyesha.

Mkikutana wawili wa tanga, anayepata upepo kwa ubavu wa kushoto ndiye anayempisha anayeupata kwa kulia. Wote wakiupata upande mmoja, aliye juu ya upepo, yaani upande unakotokea, ampishe aliye chini.

Taa kali za wavuvi wa dagaa zinameza taa zako. Ukipita karibu nazo, chukulia kuwa hakuna anayekuona, hata kama umefunga kila kitu sawasawa.

## Kabla ya kila safari ya usiku

Pima betri ikiwa imepumzika: volti 12.7 imejaa, 12.2 imebaki nusu, na kwa nusu usitoke. Futa vioo kwa kitambaa chenye maji yasiyo na chumvi, kwani chumvi na vumbi hula mwanga. Washa kila taa, shuka, zunguka chombo kwa miguu. Weka fyuzi za akiba ndani ya mfuko usiopitisha maji. Tochi nyeupe ifungwe kwa kamba karibu na usukani, na taa zako zikizimika ghafla, imulikie tanga lako: kitambaa cheupe kilichomulikwa ndicho kitakachoonekana mbali kuliko kitu kingine chochote ulicho nacho.